Kipimo kimoja kinasema nywila ni "imara sana", kingine kinasema imeshavuja. Tufuate kipi?

kasuku_mweusi

Habari wakuu. Naandaa mwongozo wa nywila kwa wafanyakazi wa saccos, watu kama thelathini. Wengi wanaingia kwenye mfumo kwa simu, wachache kwa kompyuta za Windows. Nilitaka kila mtu aanze kwa kupima nywila aliyonayo, lakini vipimo vyenyewe vinagongana. Mfano: Hakunamatata1. Kipimo kimoja kinajaza mstari wa kijani hadi mwisho kwa sababu ina herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu, jumla 13. Kingine kinasema hiyohiyo imeshavuja na isitumike kabisa.

Kipi kinaaminika? Kuna njia ya kupima bila kuiandika nywila kwenye tovuti ya mtu usiyemjua? Na yule ambaye yake imeonekana dhaifu aambiwe aweke ipi, kwa maneno ambayo mhasibu na dada wa mapokezi wote wataelewa?

fundi_seva

Mkuu, havigongani, vinapima vitu viwili tofauti. Cha kwanza kinahesabu aina za herufi, basi. Cha pili kinaangalia kama nywila hiyo imewahi kuonekana kwenye data zilizoibwa. Fuata cha pili, ila jua mpaka wake: kikisema "imevuja", mjadala umeisha. Kikisema "haijavuja", bado hakijakuambia kuwa ni imara.

Anayekisia nywila haanzi na aaaaaaaa akaenda mpaka zzzzzzzz. Anaanza na orodha za nywila halisi za watu. Iliyo maarufu kuliko zote ilitoka RockYou, kampuni ya Marekani iliyodukuliwa mwaka 2009. Nywila milioni 32 zilikuwa zimehifadhiwa wazi bila kufichwa, na ukiondoa zinazojirudia zinabaki zaidi ya milioni 14. Orodha hiyo inazunguka hadi leo. Akiimaliza, anaipitisha kwenye kanuni: herufi ya kwanza iwe kubwa, a iwe @, o iwe 0, mwishoni weka 1, 123, alama ya mshangao au mwaka. Yaani zile nyongeza ambazo mfumo unamlazimisha mtu kuziweka ndizo anazozijaribu mapema, maana anajua watu huziweka mahali palepale. Yanga1935, Simba@1936, Mungumwema1!, zote zinaanguka hapo.

Kuna kipimo cha tatu hukukitaja: zxcvbn, kilichotolewa na Dan Wheeler akiwa Dropbox mwaka 2012. Kimo ndani ya mifumo mingi, hata KeePassXC, programu ya kuhifadhi nywila, inakitumia. Kinatambua maneno ya kamusi, tarehe, mifuatano ya kibodi kama qwerty, na @ iliyosimama badala ya a, kisha kinatoa alama 0 hadi 4. Ni kizuri, lakini kamusi zake ni za Kiingereza: maneno ya Wikipedia ya Kiingereza, majina ya Wamarekani, nywila zilizozoeleka. Kikikutana na neno la Kiswahili kisilolijua kinalihesabu kama herufi zilizomwagwa ovyo, kila herufi ikizidisha makisio mara kumi. Alama 4 inatolewa makisio yakifika bilioni 10. Kwa hesabu hiyo nitakukumbusha, herufi 14, inapata alama za juu bure.

Mwenye lugha yake hadanganyiki hivyo. Chukua Nitakupenda2024. Ni-ta-ku-pend-a. Viambishi vya nafsi ni sita. Nyakati na hali tuseme tano: na, li, ta, me, nge. Mtendwa chaguo saba, ukihesabu na pale ambapo hayupo. Mizizi ya vitenzi vinavyotumika kila siku weka 1,000. Zidisha: 6 × 5 × 7 × 1,000 = maneno 210,000 tu. Weka tarakimu nne nyuma, unapata makisio bilioni 2.1. Herufi kubwa ya mwanzo inaongeza mara mbili, haibadilishi kitu.

Sasa linganisha na kasi. Kadi moja ya michoro aina ya RTX 4090, ikiendesha programu ya hashcat, hujaribu takribani bilioni 164 kwa sekunde kama nywila zilihifadhiwa kwa MD5 (njia ya zamani ya kugeuza nywila kuwa hashi, yaani msimbo usiorudishika), na takribani bilioni 288 kwa NTLM ambayo Windows inatumia. Bilioni 2.1 hapo ni kufumba na kufumbua. Mfumo ukiwa umehifadhi kwa bcrypt, njia iliyofanywa nzito kwa makusudi, kasi ya kadi hiyo inashuka hadi kama 184,000 kwa sekunde kwa gharama (kiwango cha uzito) ya 5, na gharama ikiwa 10 inapungua tena mara 32. Hata huko Nitakupenda2024 inadumu siku nne tu. Herufi 15, na mstari wa kijani umejaa.

Mtumiaji hawezi kuona seva imehifadhi nywila yake kwa njia gani. Kwa hiyo apime akidhani ni njia mbovu.

bwana_kebo

Kwa heshima fundi, hizo RTX 4090 nani anazo Kahama? Na mfumo wa saccos unajifunga mtu akikosea mara tano. Naona tunawatisha watu.

fundi_seva

Kadi zinakodishwa kwa saa mtandaoni, mtu hahitaji kununua wala kuwa Kahama. Na kujifunga baada ya makosa matano kunazuia kukisia mlangoni tu. Hesabu niliyoweka ni ya mtu aliyekwishaiba hifadhidata na anaifanyia kazi kwake, ambako hakuna wa kumfungia.

Halafu kuna wizi ambao hauhitaji hata kukisia. LinkedIn ilidukuliwa mwaka 2012, na nywila zilikuwa hashi za SHA-1 bila chumvi, yaani bila ile nyongeza ya bahati nasibu inayofanya nywila mbili zinazofanana zisitoe hashi moja. Mwanzoni zilionekana kama milioni 6.5. Mwaka 2016 zikaja kuuzwa za watu zaidi ya milioni 100. Mfanyakazi aliyetumia nywila ile ile LinkedIn, kwenye barua pepe na kwenye mfumo wa kazini, mwizi anajaribu mara moja tu na anaingia. Kufuli la makosa matano halijaguswa. Ndiyo maana kwenye mwongozo kosa la kwanza la kukemea liwe kurudia nywila, udhaifu ufuate.

msimbo_huru

Nijibu lile la kupima bila kuiandika kwa watu.

Kanuni ya jumla: nywila unayoitumia usiiandike kwenye tovuti inayojiita kipimo, hata iwe na kufuli kwenye anwani. Kufuli linasema njia imefichwa, halisemi aliyeko upande wa pili ni nani. Ukitaka kupima *mtindo* wako, tunga nyingine yenye umbo lile lile uipime hiyo.

Kwa kuangalia uvujaji, Have I Been Pwned ya Troy Hunt, inayofanya kazi tangu 2013, ina sehemu ya nywila ambayo haiombi nywila. Mashine yako inaigeuza kuwa hashi ya SHA-1, herufi 40. Inatuma tano za mwanzo tu. Inarudishiwa orodha ya mabaki yote yanayoanza na tano hizo, mistari mingi, kisha yenyewe inatafuta ndani ya orodha kama lako limo. Mafungu ya herufi tano yako 1,048,576, na kila fungu lina nywila nyingi, kwa hiyo seva haijui ulikuwa unatafuta ipi.

Ukitaka kuiona kazi ikifanyika, kwenye Linux, au Termux (programu ya kuandikia amri) kwenye simu ya Android:

read -rs p; printf '%s' "$p" | sha1sum; unset p

Bonyeza kuingiza, andika nywila (haitaonekana), bonyeza tena. Ukiandika password utapata hashi inayoanza 5baa6. Fungua kwenye kivinjari:

api.pwnedpasswords.com/range/5BAA6

Tafuta mstari wenye 1E4C9B93F3F0682250B6CF8331B7EE68FD8. Baada ya nukta pacha kuna idadi ya mara ilivyoonekana, na kwa hii ni mamilioni. Angalia kwamba sha1sum inatoa herufi ndogo na orodha inatumia kubwa. Ukitafuta kwa kivinjari haina shida, ukitafuta kwa amri ya grep weka -i la sivyo utaambiwa haimo na ufurahi bure.

Sababu ya kutumia read -rs badala ya kuandika nywila ndani ya amri yenyewe ni kwamba amri hubaki kwenye historia ya mashine, na hapo umeiacha imeandikwa wazi kwenye faili.

Kwa wafanyakazi wako wala usiwapeleke huko. Anayehifadhi nywila kwenye Chrome aingie passwords.google.com, aendeshe ukaguzi. Itampa mafungu matatu: zilizovuja, zilizorudiwa, dhaifu. Aanze na mafungu mawili ya kwanza. Fungu la dhaifu ni makadirio tu, na fundi ameshaeleza kwa nini makadirio hayajui Kiswahili. Bitwarden, nayo programu ya kuhifadhi nywila, ina kitufe cha ukaguzi ndani ya kila rekodi, na KeePassXC inao kwenye ripoti za hifadhidata. Zote mbili zinatumia njia ile ya herufi tano.

Msichanganye na kutafuta kwa anwani ya barua pepe kwenye tovuti hiyohiyo. Huko unaambiwa anwani yako ilikuwemo kwenye uvujaji wa kampuni fulani, huambiwi ni nywila gani. Faida yake ni kujua mwaka na mahali, ili ukumbuke ulikuwa unatumia ipi wakati huo na ni wapi kwingine uliiweka.

mwana_dadu

Kuhusu waweke ipi: mtu akiachiwa atunge mwenyewe, atatunga kama Nitakupenda2024. Akili ya binadamu haijui kuchagua ovyo. Mwondoleeni kazi ya kuchagua, mpeni dadu.

Njia ni ya Arnold Reinhold, 1995: orodha ya maneno 7,776, dadu tano kwa kila neno. Kila neno lina biti 12.9 (kila biti moja huzidisha makisio mara mbili), maneno sita yanatoa biti 77. Kwa Kiswahili, orodha fupi inatosha na inakumbukika kirahisi: maneno 1,296, dadu nne kwa kila neno, namba kuanzia 1111 hadi 6666. Kila neno linatoa biti 10.3. Maneno matano ni biti 51, sita ni 62, saba ni 72.

Orodha mnaitengeneza wenyewe kwa kamusi yoyote mliyonayo, siku moja ya kazi kwa watu wawili. Chukueni nomino za herufi nne hadi nane ambazo kila mtu ofisini anajua kuziandika. Ondoeni maneno ambayo watu huandika kwa namna mbili, mfano alfajiri na alifajiri, au yale ya l na r yanayomtatiza mtu wa eneo lenu. Umoja na wingi msiweke vyote: kiti kikiwemo, viti kitoke. Orodha si siri, hata ikibandikwa ukutani hakuna kilichoharibika. Siri ni matokeo ya dadu.

Mfano wa kitakachotoka: kigoda pweza tanuru mshipi ufuta dirisha. (Hii imeshaandikwa hapa, imekufa. Asiitumie mtu.)

Watu huiharibu kwa njia tatu. Wa kwanza anarusha, hapendi neno, anarusha tena, mpaka apate sentensi tamu. Akirusha mara ishirini na kuchagua moja, anaweza kupoteza hadi biti nne. Si msiba, ila akipanga upya maneno yalete maana na kubadilisha mawili kwa kupenda kwake, hesabu yote imelala. Wa pili anachukua methali. Haraka haraka haina baraka ina maneno manne na herufi nyingi, lakini kwa mwizi mwenye orodha ya methali ni kisio *moja*. Hali kadhalika mistari ya nyimbo, aya za Biblia na Kurani. Wa tatu anaunganisha maneno bila nafasi. Mtu na mtumwa zikigusana na maneno mengine zinaweza kusomeka kwa namna mbili, kwa hiyo weka nafasi au kistari. Mfumo ukikataa nafasi, kistari. Ukilazimisha tarakimu na herufi kubwa, weka 1 na herufi kubwa mahali pamoja kwa wote, usizihesabu kama nguvu. Ni ushuru wa mlangoni tu.

kasuku_mweusi

Asanteni sana. Hapa nimepata mwanga. Lakini mtu ana akaunti ishirini, hawezi kukariri mashairi ishirini ya pweza na tanuru. Pia kamati ya usimamizi inataka kila mtu abadilishe nywila kila baada ya siku 90, imeandikwa kwenye sera. Na wengine simu zao zinatumiwa na watoto nyumbani.

fundi_seva

Anakariri mbili au tatu tu: ya kufungulia simu au kompyuta, ya barua pepe, na ya mkoba wa nywila, yaani programu inayohifadhi nywila zote. Zilizobaki zinatungwa na mkoba wenyewe, herufi 16 au zaidi za ovyo, hakuna anayezijua hata mwenyewe. Bitwarden inafaa kwa mwenye intaneti muda wote na anayetumia vifaa viwili. KeePassXC kwenye kompyuta na KeePassDX kwenye Android zinafaa pasipo na mtandao wa uhakika: ni faili moja lenye kiishio .kdbx. Kasoro yake ni kwamba ukihariri faili hilo kwenye simu na kompyuta kwa wakati mmoja unapata nakala mbili zinazotofautiana. Teueni kifaa kimoja cha kuhariri. Na faili liwe na nakala mahali pawili, maana simu ikiibwa bila nakala, mkoba umekwenda nayo.

Nywila ya mkoba ndiyo ya dadu sita. Mkoba husaga nywila kabla ya kuitumia. Bitwarden kwa kawaida hurudia mzunguko wa kusaga uitwao PBKDF2 mara 600,000, kwa hiyo kadi ile ya michoro inashuka hadi makisio kama 15,000 kwa sekunde. Kwa orodha ya maneno 1,296, maneno manne yanamalizwa na kadi moja ndani ya miaka sita hivi. Hiyo ni kidogo kwa mtu mwenye kadi mia. Matano yanafika miaka elfu saba na ushee. Sita, mwacheni ajaribu. Mizunguko hiyo si mapambo: LastPass walipoibiwa mikoba ya wateja mwaka 2022, akaunti za zamani ambazo bado zilikuwa na mizunguko 5,000 au pungufu ndizo zilizokaa vibaya zaidi. Mwenye akaunti ya siku nyingi ya mkoba wowote aingie kwenye mipangilio ya usalama aangalie namba hiyo, haijirekebishi yenyewe kila mahali.

Siku 90: iambieni kamati kwamba hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani ambayo sera za namna hii zilinakiliwa kwake, iliacha jambo hilo mwaka 2017. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wao wa 2003, alilieleza gazeti la Wall Street Journal mwaka huohuo wa 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Sababu ni ya kawaida kabisa: mtu akilazimishwa kubadilisha, Januari@2025 inakuwa Aprili@2025, na aliyepata ya kwanza amepata na ya pili. Wanachotaka sasa ni nywila mpya ilinganishwe na orodha za zilizovuja kabla ya kukubaliwa, na ibadilishwe pale tu kuna dalili kwamba imevuja. Toleo la 2025 limepandisha urefu hadi herufi 15 pale ambapo nywila inasimama peke yake. Ikiwa na uthibitisho wa pili, 8.

Kama kamati haitaki kusikia, wekeni mwaka mmoja, na nywila mpya itoke kwenye dadu tena.

bwana_kebo

Kwa wasiotaka mkoba, daftari? Au hilo nalo ni dhambi?

mwana_dadu

Daftari nyumbani kwenye sanduku lenye kufuli ni bora kuliko nywila moja kila mahali. Mdukuzi wa mbali hawezi kufungua droo. Kwenye meza ya mapokezi, au kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi, hapana. Na isiwe picha kwenye simu wala ujumbe uliojitumia WhatsApp. Picha zinapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hapo nywila zote zinalindwa na nywila ya barua pepe peke yake.

Simu inayochezewa na watoto: kila mkoba una kufuli lake mbali na la simu. Weka lijifunge baada ya dakika moja, na kipengele cha kujaza nywila kiombe kidole kila mara. Jambo linalosahaulika ni kibodi ya simu. Ukiandika maneno yako ya dadu kwenye sehemu ya kawaida ya kuandikia, mfano ujumbe au daftari la simu, kibodi inajifunza, na kesho mtoto akiandika "kigoda" inampendekezea "pweza". Iandikwe ndani ya kisanduku cha nywila tu. Kibodi pia hupenda kukuza herufi ya kwanza na kuongeza nafasi baada ya neno inalopendekeza. Nyingi za "nywila imekataa na nina uhakika ni sahihi" zinatokea hapo. Gusa alama ya jicho uone ulichoandika.

msimbo_huru

Naongeza vitu viwili ambavyo ofisi nyingi zinaviacha.

Cha kwanza, nywila ya Wi-Fi. Kila ofisi ya pili imeweka namba ya simu ya meneja. WPA2, kinga ya Wi-Fi nyingi, inataka herufi 8 hadi 63. Inapunguza kasi kwa mizunguko 4,096 tu, na kadi ile ya michoro inajaribu kama milioni 2.5 kwa sekunde. Namba ya Tanzania ina tarakimu kumi, lakini mbili za mwanzo ni 06 au 07. Zinabaki nane, yaani milioni 100 kwa kila kianzio. Sekunde 40 kila kimoja, na mwizi hahitaji kuendelea kukaa karibu na ruta: akishanasa kifaa kimoja kikiunganishwa, anaondoka na kazi inaendelea kwake. Wekeni maneno matano au sita ya dadu, wageni wapewe mtandao wao tofauti, na nywila ya ndani ya ruta iliyokuja kiwandani ibadilishwe. Hiyo ya kiwandani imeandikwa kwenye kijitabu ambacho dunia nzima inacho.

Cha pili, namba za siri za tarakimu nne, za laini na za pesa za simu. Hapa urefu hauongezeki, kilichobaki ni kuchagua. Ziko 10,000, lakini mtu akiweka mwaka wa kuzaliwa, kutoka 1950 hadi 2010, zimebaki 61, na anayemfahamu hahitaji hata 61. Tarehe na mwezi hazizidi 366. Rusheni sarafu au tumieni kizalishi cha namba cha mkoba. Kinga yake halisi ni kufungwa baada ya makosa machache, kwa hiyo isifanane na PIN ya kufungulia simu. PIN ya laini nayo iwashwe: mara tatu ukikosea inaomba PUK, na PUK ukikosea mara kumi laini imekufa. Andikeni PUK kabla ya kuiwasha.

Mkiwa hapo, kila mtu abonyeze *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Na aingie kwenye barua pepe yake aangalie namba ya kurejeshea akaunti. Laini iliyoachwa muda mrefu mtandao huigawa kwa mteja mwingine, na namba ya zamani ikiwa bado imo, meseji ya kurejesha akaunti inakwenda kwa mtu usiyemjua. Nywila ya biti 77 haina la kufanya hapo.

kasuku_mweusi

Basi mpangilio wa wiki ya kwanza uweje? Watu thelathini siwezi kuwafanyia vyote kwa mpigo.

fundi_seva

Barua pepe kwanza, maana "umesahau nywila" zote zinaishia huko. Nywila mpya ya dadu, namba ya kurejesha ihakikiwe, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwa programu ya misimbo (Aegis au Google Authenticator, tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30), si kwa SMS kama kuna njia nyingine, maana laini inaweza kuhamishwa. Google hutoa misimbo kumi ya akiba ya tarakimu nane. Ichapwe kwenye karatasi, isibaki kwenye simu ileile yenye programu ya misimbo, vinginevyo simu ikipotea vyote vimepotea pamoja.

Kisha mfumo wa saccos wenyewe. Kisha WhatsApp, kwenye mipangilio ya akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, PIN ya tarakimu sita. Mkoba wiki ya pili, watu watano watano, na kila mtu aondoke akiwa ameshaufunga na kuufungua mara kadhaa mbele yako. Akaunti zilizobaki azibadilishe kadiri anavyoingia, asikae siku nzima kubadilisha ishirini. Atachoka kwenye ya saba na kuanza kurudia.

Nywila za pamoja, mfano ya akaunti ya ofisi mtandaoni, ziwe kwenye sehemu ya kushirikiana ya mkoba. Mtu akiacha kazi, hizo ndizo zinabadilishwa siku hiyohiyo bila kusubiri sera.

kasuku_mweusi

Sawa. Swali dogo kwa msimbo_huru: nimejaribu ile ya SHA-1 kwa neno password na napata hashi inayoanza c8fed, si 5baa6. Nimetumia echo password | sha1sum kwenye Termux.

msimbo_huru

Ni echo. Inaongeza alama ya mstari mpya mwishoni, kwa hiyo umepiga hashi ya herufi tisa badala ya nane, na hashi ikibadilika herufi moja inabadilika yote. Kwa nywila yako halisi ungeambiwa haijavuja hata kama imo mara milioni. Tumia printf '%s' kama nilivyoiandika, kisha ufute historia ya amri kama ulijaribu na nywila ya kweli.

kasuku_mweusi

Imetoka 5baa6. Historia nimeifuta.